Seva Isiyojua Kukataa

Jumatatu, 3 Machi

Naandika hapa ngazi za nyuma za ofisi, muda wa chakula. Nyumbani haiwezekani. Mwanangu Kipusa akiona kalamu lazima aishike yeye, na akiishika hakuna ukuta unaosalimika.

Leo nimeomba nafasi kliniki kwa tarehe 31 Februari. Nimepokelewa. Maandishi ya kijani kabisa kwenye simu: UMEPOKELEWA, KARIBU.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Nina rafu ya simu thelathini na moja, mpya na kuukuu, za kugusa na za batani, na moja ina kioo kilichopasuka utadhani buibui kaanza kujenga. Asubuhi nazichomoa kwenye chaja, nazipangusa, halafu kwa kila moja nafungua ukurasa wa kliniki, naomba kumwona daktari, naandika kilichotokea. Wananiita Mama wa Simu. Niko kwenye miezi mitatu ya majaribio, inaisha mwisho wa mwezi huu. Nikithibitishwa itakuwa kazi ya kudumu ya kwanza maishani mwangu. Mimi niliyeishia kidato cha pili! Nikiwaza hilo natembea kama nimevaa viatu vipya.

Upande wa pili wa simu zangu kuna seva. Ni programu inayokaa tu inangoja maombi ya watu na kuyajibu. Hii yetu inaitwa Radi. Kaiandika Profesa, peke yake, kuanzia mstari wa kwanza, kwa sababu seva zote zilizopo duniani hazikumridhisha. Profesa hajawahi kufundisha popote. Jina alipewa kwa utani na yeye kalipokea kama stahili yake.

Nikamwonyesha ile 31 Februari. Akacheka kwa pua. Kimsingi, anasema, hakuna mwenye akili atakayechagua tarehe hiyo. Nikasema mbona mimi nimeichagua. Akasema ndiyo maana.

Akarudisha vidude vyake vya kusikilizia muziki masikioni. Huvivaa shingoni siku nzima kama daktari aliyepoteza wagonjwa.

Jumanne, 4 Machi

Kwenye kompyuta yangu kuna safu inayoonyesha namba ya kila jibu la Radi. Siku zote ni 200. Chini yake 200, chini yake tena 200. Kwa miezi miwili nilidhani ni maksi. Nilikuwa nafurahi, naona tunafaulu.

Leo nimetafuta maana yake. Nimejichekea mpaka machozi, halafu nikaacha kucheka.

Nilivyoelewa ni hivi. Dunia nzima imekubaliana jinsi seva na simu zinavyozungumza, na makubaliano hayo yameandikwa. Jibu la seva ni kama barua ndani ya bahasha. Juu ya bahasha panaandikwa namba. 200: sawa, nimefanya ulichoomba. 404: unachotafuta hakipo. 500: mimi mwenyewe nimeharibika. 501: hilo sijui kulifanya. 503: nimezidiwa, rudi baadaye. Maneno yenyewe yako ndani. Simu inasoma bahasha. Binadamu ndiye anayesoma barua.

Nikaifungua barua ya 31 Februari. Juu ya bahasha: 200. Ndani: samahani, ombi lako limeshindikana.

Na simu, ambayo haina habari na samahani za mtu, ikaona 200 ikaandika kwa kijani: UMEPOKELEWA.

Nikajaribu mengine. Nikaomba kumwona daktari asiyekuwepo. 200. Nikaomba ukurasa unaoitwa "mbuzi". 200. Nikaomba nafasi bila jina, bila tarehe, bila chochote. Sawa kabisa, mama, karibu. Radi haijui kukataa. Ukiiomba mwezi itakwambia uko njiani.

Alhamisi, 6 Machi

Imekuja fomu. Ofisi inayosimamia kliniki zote inataka kuichukua Radi kila mahali, si hii kliniki moja tu ya majaribio. Watakuja kusaini Jumatatu ya tarehe 17, saa nane mchana. Kabla ya hapo wanataka fomu hii imejazwa. Kurasa tisa. Kila mstari ni kanuni moja ya itifaki, yaani yale makubaliano ya seva na simu, na kila kanuni ina neno lake la uzito: LAZIMA, INAFAA, au HIARI. Pembeni tunajaza inafuata au haifuati. Mwishoni kabisa, sahihi ya mpimaji. Na wameandika kwa wino mzito: mpimaji asiwe mmoja wa walioijenga.

Profesa kaijenga. Wawili wanaokaa meza moja naye wamesaidia kuijenga. Bosi ndiye anayeiuza. Wamezungusha macho chumba kizima na macho yakatua rafuni kwangu.

Profesa kaniletea hiyo fomu kaishika kwa vidole viwili, kama soksi ya mtu. Jaza tu inafuata, inafuata, anasema. Hizo kanuni kimsingi waliandika watu waliokosa shughuli.

Nikamwomba nakala ya kanuni zenyewe nizisome. Hana. Anasema alisoma mwanzo wake zamani, na zilizobaki alizihisi.

Alizihisi. Mimi dawa ya kikohozi ya mtoto siihisi, nasoma kwenye chupa, kijiko kwa kijiko, kila siku, hata kama jana nilisoma. Huyu kazihisi kanuni za dunia nzima.

Kesho nimeomba ruhusa. Kesho ni siku ya jicho la Kipusa. Jicho lake la kushoto linakimbilia puani. Wapo wanaosema ni urembo, atakua nalo. Muuguzi wa kliniki hakusema hivyo. Alinikalisha akanieleza taratibu: jicho lisipotazama pamoja na mwenzake, ubongo unazoea kulipuuza, na likipuuzwa muda mrefu linakuja kuona ukungu tu hata ukimvalisha miwani gani. Kwa hiyo mapema. Kipusa atatimiza miaka minne Juni. Daktari wa macho ya watoto anakuja siku mbili tu kwa mwezi. Niliomba nafasi tarehe 20 Februari kwa simu yangu mwenyewe, nikapata jibu la kijani.

Nimelitazama tena sasa hivi. Kijani kile kile. Nimejikaza.

Ijumaa, 7 Machi

Hatumo.

Muuguzi kapitisha kidole kwenye orodha mara tatu, ya tatu polepole, kwa huruma. Hatumo.

Nikamwonyesha simu. Akasema, "Mama Kipusa, mimi naamini karatasi yangu. Hizo simu zenu siku hizi zinapokea kila mtu. Wewe ni wa tano leo." Nafasi iliyo wazi ni Julai. Nikambembeleza. "Mdogo wangu, ungekuwa mimi ungemtoa nani hapa?" Kweli, ningemtoa nani.

Kipusa kavaa gauni la njano alilolichagua mwenyewe. Kawasalimia shikamoo wote korido nzima, pamoja na watoto wachanga, pamoja na mzani wa kupimia uzito. Tulipotoka akaniuliza, "Mama, daktari ameshaniona?" Nikamwambia bado. Akasema basi tumsubiri.

Sikumwambia muuguzi ninafanya kazi wapi.

Jumatatu, 10 Machi

Radi ina daftari lake. Kila inachofanya inakiandika yenyewe, ombi kwa ombi, ndani na nje. Nimelifungua nikarudi nyuma hadi 20 Februari. Saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, hili hapa ombi langu, na jina la mwanangu limeandikwa vizuri. Ndani ya bahasha: samahani, nafasi zimejaa. Juu yake: 200.

Nilikaa nikilitazama jina lake humo. Nikaona aibu, kama vile ni mimi niliyemfungia mlango.

Halafu nikahesabu. Tangu kliniki ianze majaribio, waliokataliwa ndani na kukubaliwa nje ni mia moja na kumi na wawili.

Nimempelekea Profesa. Kasema hizo ni hali za nadra. Nikasema mia moja na kumi na wawili. Kasema kimsingi ni nadra kwa asilimia. Nikamuuliza mbona isiseme tu imejaa, namba zipo. Ndipo akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha kuku. Radi ikitoa namba nyingine yoyote, skrini ya ukutani inayoonyesha hali ya Radi inawaka nyekundu. Bosi hapendi wageni wakute nyekundu. Mwanzoni ilikuwa inawaka kila siku, wageni wakawa wanauliza maswali. Yeye akakaa Jumapili moja akatafuta dawa. Dawa ikawa 200.

Yaani mtu kavunja kipimajoto ili mgonjwa asiwe na homa, na anajisifia Jumapili yake.

Nimemtazama vizuri leo. Tangu nianze kazi hapa sijamsikia akisema sijui. Ukimuuliza njia anakuelekeza hata kama hajawahi kufika. Ukimuuliza habari ya ugonjwa ana jibu. Mvua, siasa, malezi, yote anayo majibu, na mtoto hana. Sasa mtu kama huyo akijenga seva, unategemea iwe na tabia gani?

Jumanne, 11 Machi

Nimezipata kanuni. Ziko wazi kwenye intaneti, bure, mtu yeyote anaweza kusoma. Ndicho kilichonichoma zaidi. Kiingereza chake kigumu lakini kimenyooka, hakina mbwembwe. Kamusi huku, daftari huku. Aya moja inanichukua robo saa. Lakini ukishaielewa inabaki.

Kanuni za LAZIMA kwenye fomu ni sitini na nne. Nimezijaribu moja moja kwa simu zangu na kompyuta. Radi inafuata thelathini na tisa. Ishirini na tano haifuati.

Sasa niwe mkweli, maana hapa najisomea mwenyewe. Katika hizo ishirini na tano si zote zina maana kwetu. Kuna ya kumtumia mtu kipande cha faili badala ya faili zima. Kliniki haina haja nayo. Kuna nyingine za mambo ambayo hakuna simu itakayowahi kuyaomba. Nimezipanga kwenye makundi mawili. Kumi na sita, Radi isipozifuata hakuna atakayeumia. Tisa, isipozifuata, mtu anadanganywa.

Nilikuwa natafuta tofauti yake ni nini hasa, nikaipata jana jioni bila kutafuta. Kipusa alimwomba bibi yake biskuti. Bibi kasema zimeisha. Kipusa kalia, kajigaragaza, kamaliza, kaenda kucheza. Lakini kuna siku niliwahi kumwambia nakuja nazo, ili nitoke tu nyumbani kwa amani. Alikaa mlangoni hadi akalala pale pale, shavu limechorwa alama za mkeka.

Seva ikikataa, mtu analia anaenda kwingine. Ikisema sawa, anakaa mlangoni.

Jumatano, 12 Machi

Kikao. Bosi, Profesa, wale wawili, na mimi na fomu yangu. Nimekaa kwenye kile kiti kinachoyumba.

Bosi ni mama mtu mzima, ananukia vizuri, anaita ofisi familia. Akauliza tufuate kanuni kwa kiasi gani. Profesa akasema hakuna seva hata moja duniani inayofuata zote. Bosi akasema basi tuwaambie asilimia ngapi. Profesa akatazama dari, akasema themanini. Bosi akasema tisini inasikika vizuri zaidi. Wakajadiliana hivyo kwa dakika nzima, themanini na tano, themanini na nane, kama watu wawili wanaonunua kitambaa.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandikia cha kusema, nikaiweka karatasi kando.

Nikasema si habari ya asilimia. Nikasema, tufuate nusu, hata robo, mimi sina ugomvi. Lakini Radi isichokijua iseme sijui, na kilichojaa iseme kimejaa. Kanuni zenyewe zimeruhusu. Kuna namba yake kabisa.

Mmoja wa wale wawili, yule mwenye kikohozi, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli, ipo."

Profesa akageuza kiti. "Jamani, Mama wa Simu kawa mwalimu mkuu. Tukimaliza hapa atukague kucha."

Wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, na nalichukia tabasamu hilo hadi sasa.

Profesa akasema mtu akiona sijui anaitupa programu. Nikasema akiona sijui anaenda kliniki kwa miguu na kuulizia, na anaandikwa. Bosi akauliza kurekebisha kunachukua muda gani. Yule wa kikohozi akasema siku moja, au mbili. Profesa akamtazama hadi mwenzake akainamia kikombe chake. Halafu Profesa akasema tukifungua hilo sasa, Jumatatu skrini itakuwa nyekundu mbele ya wageni.

Bosi akafunga daftari. "Tukishasaini, tutarekebisha."

Huko kwenye tukishasaini kumejaa sasa. Kiti changu kinachoyumba kiko huko. Mlango wa choo usiofungika uko huko. Barua ya yule dada wa mapokezi aliyeondoka bila barua iko huko. Na leo wamepelekwa wagonjwa mia moja na kumi na wawili.

Alhamisi, 13 Machi

Bosi kaniita ofisini kwake. Kafunga mlango mwenyewe, hakumtuma mtu.

Nilijua nafukuzwa. Nikaanza kuwaza nitamwambiaje mama mkwe.

Kumbe kauliza habari za mtoto. Nani kamwambia sijui. "Mama Kipusa, mbona unanyamaza na shida zako? Sisi hapa ni familia." Nikamweleza kidogo. Jicho. Julai. Nikajitahidi sauti isivunjike, ikavunjika. Akanipa karatasi laini ya kujifutia, ya boksi, si ile ya chooni.

Akachukua simu yake akampigia mkuu wa kliniki, hapo hapo, mbele yangu, sauti wazi. Walizungumza kama watu waliosoma pamoja. "Nina mjukuu wangu hapa, ana tatizo la macho." Mjukuu. Dakika mbili hazikufika. Kipusa kaingizwa Jumatatu tarehe 17, asubuhi, kwa yule yule daktari aliyejaa hadi Julai.

Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli, karibu nipige magoti. Hata hapa siwezi kujifanya sikumshukuru.

Nikiwa mlangoni akasema, "Halafu saa nane usikose. Njoo na ile fomu imekamilika. Na barua yako ya kuthibitishwa naiandaa."

Hakusema saini. Hakusema andika inafuata. Watu wa namna hii hawasemi. Wanakuwekea vitu viwili mezani, kimoja kando ya kingine, halafu wanazungumzia hali ya hewa.

Nimeketi hapa ngazini na nimeshindwa kula.

Ijumaa, 14 Machi

Fomu yote nimeijaza isipokuwa mistari tisa na sahihi. Profesa kapita, kachungulia, kasema, "Bado unahangaika tu?" Kwenye fulana yake kuna tone la chai lenye umbo la sikio. Ndiyo sikio pekee alilo nalo.

Jumapili, 16 Machi

Baba yake Kipusa yuko mbali, kwenye kazi ya ujenzi, hupiga simu Jumapili. Mtandao ulikuwa mbovu. Nikamsikia anasema "jicho" na "Mungu" na "saini", basi, ukakatika.

Nimemwambia mama mkwe yote. Alikuwa anakunja nguo za mtoto kitandani, soksi ndogo ndani ya soksi ndogo. Mama mkwe hana papara. Akaniacha nimalize. Akauliza, "Hao mia na kumi na wawili, ni wajukuu wa nani?"

"Sijui, Mama."

"Huyu namjua." Akanipa zile nguo.

Baadaye, namenya viazi, akanijia jikoni. Akasema mwanangu, mimi sikukwambia uandike uongo. Nikasema najua, Mama. Akasema, "Sikukwambia pia usiandike." Akachukua kisu akamenya na yeye. Tukamenya viazi vingi kuliko tulivyohitaji.

Kipusa kajifunga kitambaa jicho zuri, mwenyewe, mchezo tu. Akaanza kutembea chumbani kwa jicho la kushoto. Akagonga meza. Akagonga mlango. Akacheka. Akasema, "Mama, kumeingia moshi."

Hakukuwa na moshi.

Jumatatu, 17 Machi

Naandikia kwenye benchi la korido ya kliniki, goti ndiyo meza. Kipusa ametiwa matone ya kupanua mboni na tumeambiwa tungoje nusu saa yafanye kazi. Kanilalia ubavuni, macho yamekuwa meusi yote, makubwa, mwanga unamchoma. Anauliza nani kawasha taa nyingi hivi.

Jina lake liko juu kabisa ya orodha. Juu ya namba moja, kwa kalamu nyekundu, mwandiko tofauti. Muuguzi alilitazama, akanitazama, akasema, "Kumbe una watu." Hakusema kwa ubaya. Kasema kama mtu anayesoma mzani.

Fomu iko kwenye mfuko, chini ya nguo za kubadilisha. Mistari tisa na sahihi. Sasa ni saa nne na robo. Saa nane wageni wanafika. Nimefikiria kuandika haifuati kwenye mistari yote tisa halafu nisaini. Nimeiandika kichwani mara nyingi mpaka naona wino wake. Tukitoka kwa daktari tu. Akishaonwa, hawawezi kumrudisha asiwe ameonwa. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini daktari akisema miwani, kuna kurudi. Akisema upasuaji, kuna kurudi tena na tena, na kila kurudi kunataka kalamu nyekundu.

Dakika kumi zilizopita kaja mwanamke kaketi karibu yangu. Mkubwa kwangu kidogo. Ana mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi, kichwa kimeinama upande, anatazama watu kama anachungulia tundu la ufunguo. Vumbi la njiani hadi kwenye nyusi. Wametoka kwao alfajiri. Kampangusa mtoto uso kwa ncha ya khanga, kampangusa viatu, halafu katoa simu. Ya batani. Ninayo kama hiyo rafuni, ya tatu kutoka kushoto.

"Dada, samahani. Wewe naona umepazoea hapa. Hii ikiwa hivi ndiyo nimepokelewa, au kuna pengine pa kubonyeza?"

Kijani. UMEPOKELEWA, KARIBU.

Orodha nimeiona. Muuguzi aliishika mbele ya uso wangu. Majina kumi na manne na la mwanangu juu yake. Mtoto wa kiume yumo mmoja tu, na yule ameshaingia na kutoka.

Nilimwambia, "Ngoja tu dada, wataita."

Akapumua. "Asante. Umenitoa wasiwasi, maana usiku kucha nilikuwa naifungua kuhakikisha haijafutika."

Akampa Kipusa nusu ya chungwa. Kipusa kasema shikamoo. Yule mtoto kaitikia marahaba kama mzee, wakacheka wawili hao, mmoja haoni vizuri kwa sababu ya matone, mwingine kwa sababu zake.

Kila mlango ukifunguka anamwekea mtoto kola sawa.

Nimejaribu kumgeukia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anamnywesha mtoto maji. Mara ya pili sikuwa na kisingizio.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi kasimama na ile karatasi, hajaita bado, anatafuta miwani yake kichwani. Aliyenyanyuka si mimi. Ni yeye. Kashamshika mtoto mkono, simu kainyoosha mbele wazi, ile kijani inawaka, anamtazama muuguzi, halafu ananigeukia mimi nimwambie kama ndiyo aende. Naweka kalamu.